Mikataba Miwili ya Marlen

Mwezi wa Julai, mitihani ikishakwisha na mahafali bado, hakuna mwanafunzi wa darasa la kumi anayekwenda shule kusoma. Wanakwenda kurudisha vitabu, kupaka rangi mapambo ya mahafali, na zaidi ya yote kutambiana kazi walizopata. Marlen Zellner naye alikuwa akitoka nyumbani saa moja na robo kama kawaida, anapita kwa mwoka mikate kununua mkate uliotiwa kipande cha nyama ya kuoka, kisha anamsubiri Severin Pichler kwenye daraja la mto Rott. Walikuwa wamekwenda shule pamoja kwa baiskeli tangu darasa la tano. Tofauti ni kwamba siku hizi Marlen hakuweza kumaliza mkate wake. Akiumega mara mbili hamu inamwisha, naye humpa Severin kilichobaki.

Severin hakuwa na la kutamba. Hesabu zilimshinda, na cheti chake kilijaa alama za katikati na chini. Alikuwa ameandika barua saba za kuomba uanagenzi. Kazi aliyoitaka kwa moyo wote ni moja tu, nayo ilikuwa kwa Bwana Ottinger, fundi anayetengeneza viatu vya tiba kwa watu wenye miguu yenye matatizo. Mwaka uliopita alikaa pale wiki moja ya majaribio, akarudi ananuka gundi, na kwa mwezi mzima hakuzungumza jambo jingine. Machi akajibiwa kwamba nafasi ni moja na imeshajazwa.

Aliyeijaza alikuwa Marlen, na Severin alilijua hilo.

"Afadhali umeipata wewe," alimwambia asubuhi moja darajani, mdomo umejaa mkate. "Angekuja mgeni kutoka Passau ningeumia zaidi. Wewe angalau utaniruhusu niingie kuchungulia."

Marlen akacheka kidogo, akapanda baiskeli upesi ili asitazamwe usoni. Jambo ambalo Severin hakulijua ni kwamba ndani ya kabati la Marlen, chini ya masweta, kulikuwa na mkataba wa pili.

Ilianza hivi. Mwaka huo watoto waliomaliza shule huku Bavaria, Ujerumani, walikuwa wachache kuliko kawaida. Zamani serikali iliipunguzia sekondari ya juu mwaka mmoja, baadaye ikajuta ikaurudisha, na kiangazi hicho, wanafunzi wake wakiwa wamebaki shuleni mwaka mmoja zaidi, sekondari ya juu karibu haikutoa mtu. Waajiri wakashikwa na homa. Walikuja mpaka shuleni na keki na kalamu za bure. Mmoja aliahidi kulipia leseni ya udereva, mwingine baiskeli ya umeme, na posho za wanagenzi zikapandishwa mara mbili kabla ya Pasaka. Wanafunzi wa sekondari ya kati, ambao kwa kawaida huambiwa wajipange nyuma, wakajikuta wanabembelezwa kama maharusi.

Marlen aliandika barua tatu tu, akakubaliwa mara tatu. Februari akatia saini kwa Bwana Ottinger kwa sababu ndiye aliyejibu wa kwanza, na kwa sababu nyumbani kwao watu wanaogopa. Mama yake alikumbuka vizuri jinsi mdogo wake Steffi alivyolia jikoni miaka kumi na minne iliyopita kwa kukosa kazi. Kwa hiyo alimwambia binti yake apokee chochote kitakachokuja, na akishakipokea asikiachie.

Mwisho wa Aprili likaja duka kubwa la samani la Brandhuber. Pale Marlen angejifunza kuchora majiko na vyumba kwenye kompyuta, apate karibu euro mia mbili zaidi kila mwezi, na leseni ya udereva juu yake. Tena alipenda kuchora kweli. Tangu utoto alipanga upya chumba chake kila likizo. Kwa sababu hakuwa ametimiza miaka kumi na minane, mzazi alipaswa kusaini pia. Mama akasita, kisha akasaini. Alisema Bwana Ottinger watamwambia baadaye, wiki ijayo, wakishahakikisha duka halibadilishi mawazo. Wiki ijayo ikawa Mei, Mei ikawa Juni. Mkataba wa fundi uliandikishwa kwenye chemba ya mafundi na wa duka kwenye chemba ya biashara, na chemba hizi mbili hazichunguliani madroo. Hakuna aliyeuliza kitu.

Sheria ya kwetu inataka kijana aliye chini ya miaka kumi na minane apimwe na daktari kabla ya kuanza kazi. Ofisi ya manispaa humpa fomu moja, daktari hupima kwa fomu hiyo na kutoa cheti kimoja cha kumpelekea mwajiri. Kimoja, kwa sababu mtu ana mwajiri mmoja. Sasa barua mbili zilimfikia Marlen wiki moja, ya fundi na ya duka, zote zikitaka cheti halisi kabla ya tarehe ishirini na tano.

Alikwisha kupimwa Jumatatu na cheti alikuwa nacho. Jumatano akarudi manispaa akasema fomu imepotea. Mama wa dirishani akamwonea huruma, akamsogezea karatasi ya kutamka kwamba fomu ya kwanza imepotea. Marlen akasaini. Alipotoka nje akajiambia kwamba ni karatasi tu. Alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu anayeamini anachosema.

Alhamisi asubuhi akaipeleka fomu ya pili kwa Daktari Wimmer. Na hapa ndipo utakapoona jinsi hofu inavyompotezea mtu akili, maana mapokezi ya Daktari Wimmer hukaa Steffi, mama yake mdogo, miaka yote. Marlen alikuwa ameambiwa Steffi yuko likizo Alhamisi. Steffi hakuwa likizo.

Steffi aliipokea fomu, akaitazama, akamtazama Marlen. Chumba cha kusubiria kilikuwa kimejaa wazee na mtoto mmoja mwenye tetekuwanga. Hakupandisha sauti. Alimwambia akae pale kwenye kiti hadi wafunge saa sita.

Kwa muda wa saa mbili na nusu Marlen alikaa kwenye kile kiti. Alisoma tangazo la chanjo mpaka akalikariri. Simu ikatikisika mfukoni: duka linamkaribisha kwenye sherehe ya kuwapokea wanagenzi wapya, ataje saizi ya fulana yake. Ikatikisika tena: Bwana Ottinger anamjulisha kwamba amempatia kitanda kwenye bweni la shule ya ufundi, na ameshalipa. Marlen akaweka simu chini ya paja. Akaitoa tena. Mara tatu aliinuka aende zake, na mara tatu Steffi aliinua kichwa tu, naye Marlen akakaa.

Walipofunga, Steffi alimpeleka nyuma ya jengo, kwenye ngazi zinapoegeshwa baiskeli.

"Jumatatu nilikupima urefu na uzito kwa mikono yangu," alisema. "Hii ya leo ni ya nani?"

"Ile ya kwanza imepotea, mama mdogo."

"Ile ya kwanza iko kwenye droo yangu. Fomu hubaki kwetu. Sasa nieleze kabla sijampigia mama yako."

Marlen akaeleza yote kwa mkupuo mmoja, kuanzia Februari hadi fulana. Alipofika kwenye sehemu ya kusaini kwamba fomu imepotea, akatazama pembeni. Alitegemea kufokewa. Steffi akakaa kwenye ngazi, akavua viatu vyake vyeupe vya kazini, akavipanga kando yake.

"Mama yako amekusimulia mwaka wangu?" aliuliza mwishowe.

Marlen alisema kila Krismasi alisikia kwamba ulikuwa mwaka wa waombaji wengi.

"Wengi? Madarasa mawili ya sekondari ya juu yalitoka kiangazi kimoja, la miaka tisa na lile lililopunguziwa mwaka. Waliokosa chuo kikuu wakashuka kwenye kazi tulizozitaka sisi wa sekondari ya kati. Mwajiri akifungua barua, juu ya yangu kuna vyeti ishirini vizuri kuliko changu. Nani angepandisha posho? Wengine waliishusha, na bado tulipanga foleni." Alisugua nyayo zake. "Lakini si hilo lililoniliza. Kuna fundi aliniambia nisubiri. Machi aliniambia nafasi ni yangu, nisubiri tu karatasi. Nikakataa kazi ya benki kwa ajili yake. Nikasubiri Aprili, Mei, Juni, Julai. Agosti akaniambia amepata kijana mwenye cheti cha juu. Alikuwa ananishika mkononi tu, ili akimkosa mwingine asibaki mikono mitupu."

Steffi akaacha kusugua nyayo.

"Na wewe unamshika nani mkononi, Marlen?"

"Bwana Ottinger," alijibu.

"Na nani mwingine?"

Jina lilipokuja lilimchoma, maana lilikuwa limekaa pale pale asubuhi zote zile, likimalizia mkate wake. Akalitaja kwa sauti ndogo.

Jioni hiyo Steffi alikuja nyumbani akazungumza na dada yake kwa ukali ambao Marlen hakuwahi kuusikia kati yao. Mama alijitetea kwamba alitaka mtoto asipatwe na yale yaliyompata Steffi. Steffi akamjibu kwamba hofu ya mwaka ule ilikuwa ya kwake, na hakumruhusu mtu kuitumia kumwonea fundi wa watu. Kisha akajilaumu naye, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akiirudia hadithi ile kila Krismasi mpaka nyumba nzima ikaanza kuishi ndani yake. Mama akalia kidogo. Alitaka kwenda kwa Bwana Ottinger mwenyewe, lakini Marlen akasema ataenda yeye.

Kesho yake, Ijumaa, alisukuma mlango wa karakana. Ukutani, kutoka sakafuni hadi darini, zilipangwa kalibu za mbao zenye umbo la miguu ya watu, kila jozi na jina lake. Bibi yake Marlen alikuwa humo, safu ya tatu. Bwana Ottinger alikuwa akisugua kalibu kwa tupa, na alifurahi kumwona. Alidhani analeta cheti.

"Nimesaini kwingine pia," Marlen alisema kabla hajapoteza ujasiri. "Kwa Brandhuber. Nitaenda huko. Samahani, Bwana Ottinger."

Tupa ikasimama. "Tangu lini?"

"Mwisho wa Aprili."

Mzee akaiweka kalibu juu ya meza. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyokuwa nayo yalimtoka polepole. Alisema mwaka huu amepandisha posho mara mbili, na bado alipata barua mbili tu, ya Marlen na ya Severin. Alimchukua mwenye alama nzuri. Mei mama yake Severin alikuja, akasimama pale pale aliposimama Marlen, akauliza kama hawezi kuwachukua wote wawili.

"Nilimwambia sina uwezo," alisema. "Nilimwambia nafasi ina mwenyewe. Yule mama aliondoka ameinamisha kichwa, na kumbe nafasi ilikuwa tupu."

Marlen alilia. Bwana Ottinger hakumbembeleza, wala hakumfukuza. Alimpa karatasi aandike kwamba amejitoa, na tarehe. Kisha akasema atamtafuta Severin, ila si leo. Leo Severin ataambiwa na Marlen mwenyewe, mambo yote, na kesho asubuhi waje pamoja kama bado yule kijana anataka.

Severin alikuwa kwenye bwawa la kuogelea la mji, amekaa kwenye nyasi na viazi vya kukaanga. Marlen alisimama mbele yake jua likimchoma kisogo, akasema. Hakuficha Aprili, wala fomu, wala Mei. Severin alisikiliza, kiazi kikipoa mkononi.

"Mama yangu alivaa koti lake la kanisani kwenda kule," alisema. "Unajua hilo?"

"Sikujua."

"Na kila asubuhi unanipa mkate."

Akainuka, akatupa viazi vyote kwenye pipa, akaondoka bila kugeuka. Marlen alibaki pale kwenye nyasi, watoto wadogo wakipiga makelele majini. Aliona aibu ambayo hakuwa na mahali pa kuikalisha. Alirudi manispaa mchana huo huo, akamwambia mama wa dirishani kwamba fomu haikupotea kamwe. Mama yule aliichana ile karatasi ya tamko, akamwambia siku nyingine afikirie kabla ya kushika kalamu.

Jumamosi asubuhi hakujua kama Severin atakuja. Alifika karakana mapema, akatembea mbele ya mlango, akaenda mpaka kona, akarudi. Saa tatu ikapita. Saa tatu na robo Severin akatokea na mama yake, shati limepigwa pasi. Hakumsalimia Marlen, lakini aliushikilia mlango mpaka naye akaingia.

Mkataba ulikuwa tayari mezani. Posho ilikuwa ileile iliyopandishwa. Bwana Ottinger hakuipunguza hata senti ingawa alijua Severin angesaini kwa nusu yake. Mama yake Severin aliliona hilo, akashika ukingo wa meza. Severin akasaini, mama akasaini, fundi akasaini. Ndipo mzee akamgeukia Marlen, ambaye alikuwa amejibana karibu na mlango akitafuta wakati wa kutoka.

"Mama yako mdogo Steffi amewahi kukuambia jina la fundi aliyemsubirisha mwaka ule?"

"Hapana."

"Ni mimi," alisema Bwana Ottinger.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa aproni, jambo lililozidi kuichafua.

"Mwaka ule nilipata barua themanini kwa nafasi moja. Nilijiona mfalme. Niliwaambia watatu wasubiri, ili nichague kwa raha zangu. Yule mwenye cheti cha juu alikaa miezi minne akaondoka zake chuo kikuu, na mimi nilikuwa nimeshampoteza msichana ambaye angebaki. Sikumwomba radhi. Kila nikienda kupimwa shinikizo la damu ananisalimia vizuri, nami natazama chini." Akavaa miwani. "Sikiliza, Marlen, na wewe Severin usikilize. Mwaka ule vijana walikuwa wengi, nguvu ikawa yetu. Mwaka huu mko wachache, nguvu ni yenu. Hakuna kati yetu aliyeifanyia kazi nguvu hiyo. Imeletwa na hesabu ya watoto, na hesabu hiyo itageuka tena. Kutaka posho nzuri si kosa, na kwenda unakopenda si kosa. Ungekuja Aprili ukaniambia, ningenung'unika siku mbili basi. Kosa ni kumfanya mtu asubiri kitu ambacho wewe unajua hakipo. Mimi nilifanya nikiwa mtu mzima, na wewe umefanya ukiwa mtoto. Wewe umechukua miezi mitatu kusema. Mimi miaka kumi na minne."

Akafungua mlango, akaweka kibao cha kusema wamefunga, kitu ambacho Jumamosi hakikuwahi kutokea. Aliuliza kama Steffi yuko nyumbani asubuhi hii. Marlen alisema yuko, anakunywa kahawa na mama.

Walitembea barabarani wawili, mzee na msichana, mzee bado na aproni yake ya ngozi, watu wa sokoni wakiwatazama. Hawakuwa wamefika mbali Severin alipowaita kutoka mlangoni. Alimwambia Marlen kwamba bado amekasirika, na atakasirika wiki nzima, huenda mbili. Kisha akauliza fulana za Brandhuber ni za rangi gani.

"Za rangi ya machungwa," Marlen akajibu.

"Unazistahili," alisema Severin, akarudi ndani kwa mama yake.

Mbele ya nyumba ya kina Zellner Bwana Ottinger alisimama kwenye ngazi, mkono ukiwa karibu na kengele, akashindwa kuibonyeza. Marlen hakumbonyezea. Alisimama kando yake akasubiri, mpaka mzee alipoibonyeza mwenyewe.